Kaunti na Maamuzi ya Nairobi: Ufuatiliaji wa Sheria na Bajeti katika Kenya ya Ugatuzi

Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliunda ngazi mbili za serikali, ya kitaifa na ya kaunti, na kutamka katika ibara ya 6 kwamba ngazi hizo ni tofauti lakini zinategemeana na zinapaswa kuendesha uhusiano wao kwa mashauriano na ushirikiano. Tangu serikali 47 za kaunti zilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, utofauti huo umetetewa mahakamani mara nyingi, ilhali utegemezi umeonekana zaidi katika vitabu vya hesabu, kwa sababu isipokuwa kaunti chache zenye miji mikubwa au vivutio vya utalii, sehemu kubwa ya bajeti ya kaunti hutokana na fedha zilizokusanywa na serikali ya kitaifa na kugawanywa kwa sheria zinazopitishwa na Bunge. Kwa hiyo kaunti isiyofuatilia kinachoendelea katika Bunge la Kitaifa, katika Seneti na katika Hazina ya Kitaifa hupanga matumizi yake bila kujua kipato chake.

Ufuatiliaji huo upo, lakini umeelemea upande mmoja. Kila mwaka mjadala wa umma, taarifa za Baraza la Magavana na vichwa vya habari hukusanyika kwenye takwimu moja, yaani jumla ya mabilioni yatakayokwenda kaunti, na ushindi au kushindwa kwa ugatuzi hupimwa kwa takwimu hiyo. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba jumla hiyo, pamoja na umuhimu wake, si mahali ambapo kaunti huumia zaidi. Kaunti huumia zaidi kwa sheria ambazo hazikuandikwa kwa jina lake, kwa mistari midogo iliyomo katika majedwali ya ruzuku, na kwa tarehe.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni namna mswada unavyoainishwa kabla haujajadiliwa. Ibara ya 110 ya Katiba inaeleza mswada unaohusu serikali za kaunti kuwa ule wenye masharti yanayoathiri majukumu na mamlaka ya kaunti yaliyoorodheshwa katika Jedwali la Nne, au unaohusu uchaguzi wa wajumbe wa bunge la kaunti, au ule unaotajwa katika sura ya 12 kuhusu fedha za kaunti. Mswada wa aina hiyo lazima upite katika mabunge yote mawili, na Maspika wa mabunge hayo ndio wanaopaswa kutatua kwa pamoja swali la iwapo mswada unahusu kaunti, na kama unahusu, iwapo ni mswada maalumu au wa kawaida. Mswada maalumu, kama ule wa kugawa mapato baina ya kaunti, humpa seneta nguvu kubwa, kwa kuwa Bunge la Kitaifa haliwezi kuubadilisha wala kuukataa ila kwa kura za theluthi mbili ya wabunge wake. Mswada wa kawaida ukikosa mwafaka hupelekwa kwenye kamati ya upatanishi yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande, na kamati hiyo isipoelewana ndani ya siku 30 mswada huanguka.

Utaratibu huo wa Maspika ulizua mgogoro mwaka wa kwanza tu wa ugatuzi. Mwaka 2013 Mswada wa Ugavi wa Mapato, yaani ule unaogawa mapato baina ya ngazi mbili za serikali, ulitiwa saini bila mapendekezo ya Seneti, na Seneti ikaenda Mahakama ya Juu kuomba ushauri. Maoni ya mahakama hiyo, yaliyotolewa tarehe 1 Novemba 2013 chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, yalisema kwamba Seneti ilikuwa na nafasi halali katika mswada huo. Mabishano hayakuisha hapo. Mnamo Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizokuwa zimepitishwa na Bunge la Kitaifa pasipo kuishirikisha Seneti, na ingawa Mahakama ya Rufaa ilipunguza makali ya uamuzi huo mwaka uliofuata, iliacha baadhi ya vifungu vikiwa vimebatilika.

Miongoni mwa vifungu hivyo ni vile vilivyogusa Mamlaka ya Ugavi wa Dawa Nchini, KEMSA, na vinastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu vinaonyesha jinsi neno dogo la sheria linavyoweza kuhamisha mamlaka. Huduma za afya katika kaunti, zikiwemo zahanati, vituo vya afya na hospitali zake, ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne. Hata hivyo, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Afya ya mwaka 2019, ambayo jina lake linafanana na shughuli ya kawaida ya kusafisha maandishi ya sheria za zamani, iliingiza sharti kwamba vituo vya umma vya kaunti vinunue dawa na vifaa kutoka KEMSA, na afisa atakayekiuka sharti hilo akabiliwe na faini isiyozidi shilingi milioni 2 au kifungo kisichozidi miaka 5 au adhabu zote mbili. Mfamasia wa hospitali ya kaunti aliyekuta rafu za dawa zimekauka, na KEMSA haina shehena, angejikuta akichagua kati ya mgonjwa na jela. Kifungu kama hicho hakimo katika mswada wenye neno «kaunti» kwenye kichwa chake, na anayefuatilia kwa kusoma vichwa pekee hakioni hadi kiwe sheria.

Ziko pia sheria ambazo hazikiuki mamlaka ya kaunti hata kidogo, na bado zinabadilisha bajeti yake. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 ilijadiliwa nchini kote kama tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na wengi hawakutilia maanani kwamba mwajiri hutoa kiasi kilekile kwa kila mfanyakazi, na kwamba kaunti ni waajiri wakubwa. Kaunti inayolipa mishahara ya shilingi milioni 300 kwa mwezi hulazimika kutenga milioni 4.5 kila mwezi, sawa na milioni 54 kwa mwaka, kwa tozo ambayo bunge lake halikuipigia kura. Michango ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, chini ya sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutekelezwa Februari 2023 baada ya kukwama mahakamani kwa miaka mingi, nayo hupanda kwa awamu na mwajiri huchangia sawa na mfanyakazi. Gharama hizi huja juu ya kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015, zinazotaka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na juu ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, inayotaka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Mkono mmoja wa dola unaweka kikomo na mwingine unaongeza mzigo unaohesabiwa ndani ya kikomo hichohicho.

Sheria nne za afya zilizotiwa saini Oktoba 2023 zina somo la namna hiyo. Sheria ya bima ya afya ya jamii ndiyo iliyovuta macho, lakini kwa mhazini wa kaunti iliyokuwa na athari ya haraka ni ile ya ufadhili wa uboreshaji wa vituo vya afya, inayoruhusu hospitali kubaki na fedha inazokusanya na kuzitumia pale pale badala ya kuzipeleka kwenye hazina ya mapato ya kaunti. Kwa mgonjwa na kwa daktari hilo ni jambo jema, na ni vigumu kulipinga. Kwa upande wa hesabu, hata hivyo, makusanyo ya hospitali ni sehemu kubwa ya mapato ya ndani ya kaunti nyingi, kwa hiyo kaunti inaweza kutangaza kwamba mapato yake yamepanda ilhali fedha inazoweza kuzielekeza kwenye barabara, maji au masoko zimepungua. Wakati huohuo wahudumu wa afya ya jamii walipoanza kulipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ilikubaliwa kwamba nusu itoke serikali ya kitaifa na nusu itoke kaunti. Kaunti yenye wahudumu 3,000 hapo imepata jukumu jipya la milioni 90 kwa mwaka.

Baada ya hayo ndipo takwimu kubwa inapoweza kuangaliwa kwa utulivu. Ibara ya 203 inataka kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato yote yaliyokusanywa na serikali ya kitaifa, na inaongeza kwamba mapato hayo yakokotolewe kwa kutumia hesabu za hivi karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Nyongeza hiyo ndiyo yenye uzito, kwa sababu hesabu zilizoidhinishwa huwa za miaka kadhaa nyuma. Mgao wa mwaka wa fedha 2024/25 ulipimwa kwa mapato ya mwaka 2020/21, yaliyokuwa takriban shilingi trilioni 1.57, na hivyo shilingi bilioni 400 zilizopitishwa awali zilionekana kuwa robo ya mapato ya taifa, ingawa makusanyo ya mwaka uliokuwa ukibajetiwa yalitarajiwa kuwa makubwa zaidi. Serikali ya kitaifa huitaja asilimia hiyo kuonyesha ukarimu wake. Kinachostahili kufuatiliwa na kaunti ni kasi ya Bunge la Kitaifa katika kuidhinisha ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kazi ambayo haina mvuto wowote wa kisiasa na ambayo maseneta huishinikiza kwa nadra.

Mgao huo, unaoitwa mgao wa haki na ambao kaunti haipangiwi masharti ya kuutumia, ulianza kwa shilingi bilioni 190 mwaka 2013/14, ukafika bilioni 316.5 mwaka 2019/20 na kubaki hapo mwaka uliofuata, ukaruka hadi bilioni 370 mwaka 2021/22 na kusimama tena mwaka uliofuata. Mtiririko huo unaonyesha kwamba nyongeza haitegemei ukuaji wa uchumi kama inavyotegemea shinikizo la kisiasa: mruko wa bilioni 53.5 wa mwaka 2021 ulikuwa bei ya kumaliza mvutano mwingine, ule wa mfumo wa kugawa fedha baina ya kaunti zenyewe. Katiba inalipa jukumu hilo Seneti, inayoidhinisha mfumo kila baada ya miaka mitano kutokana na mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato. Mfumo wa tatu ulipunguza uzito wa idadi ya watu kutoka asilimia 45 hadi 18, ukaingiza vigezo vya afya, kilimo na miji, na mwanzoni ungezipunguzia fedha kaunti za kaskazini na za pwani. Vikao vya Seneti viliahirishwa mara kadhaa katikati ya mwaka 2020, maseneta watatu wakakamatwa mwezi Agosti, na mwafaka ukapatikana Septemba kwa sharti kwamba mfumo huo usianze kutumika hadi jumla ya fedha iongezwe ili pasiwe na kaunti itakayopata chini ya ilichokuwa ikipata.

Mwaka 2024 unafundisha zaidi, kwani ulionyesha kwamba hata sheria iliyokwisha kupitishwa haitoi uhakika. Sheria ya Ugavi wa Mapato ilikuwa tayari imetiwa saini ikiwa na bilioni 400.1 kwa kaunti pale Mswada wa Fedha, ulionuia kuongeza kodi, ulipoachwa tarehe 26 Juni kufuatia maandamano ya vijana na kuvamiwa kwa Bunge siku moja kabla. Mapato yaliyotarajiwa yakatoweka, na Hazina ya Kitaifa ikaleta mswada wa kurekebisha sheria hiyo ili mgao ushuke hadi bilioni 380. Kaunti zilikuwa zimekwisha kupitisha bajeti zao kwa kutegemea takwimu ya kwanza. Seneti ilikataa, Bunge la Kitaifa likashikilia, kamati ya upatanishi ikaundwa, na ilipofika mwisho wa mwaka pande hizo zilikuwa zimekubaliana bilioni 387.4. Miezi mitano hivi ilipita kaunti zikitumia fedha bila kujua jumla yake, na kila moja ikabidi iandae bajeti ya ziada. Jambo la kusikitisha ni kwamba kaunti hazikuwa na sehemu rasmi katika mjadala wa kodi uliosababisha yote hayo: mswada wa kodi za kitaifa ni mswada wa fedha, huanzia na kuishia Bunge la Kitaifa, na Seneti haina kura ndani yake.

Fungu la pili la fedha ni ruzuku zenye masharti, yaani nyongeza zinazotolewa kwa shughuli iliyotajwa, ziwe zimetoka kwa serikali ya kitaifa au kwa wafadhili wa nje. Kisa cha vifaa vya matibabu vya kukodi kinatosha kueleza hatari yake. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilifunga mikataba na kampuni kadhaa ili kuweka mashine za kusafishia damu, za eksirei na za vyumba vya upasuaji katika hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa, na malipo yakawa yanaingizwa katika majedwali ya sheria ya mgao kana kwamba ni ruzuku inayokwenda kaunti, ingawa fedha zenyewe hazikufika huko. Mwaka wa kwanza kila kaunti iliandikiwa takriban shilingi milioni 95. Kufikia 2018/19 mstari huohuo ulisoma milioni 200. Zipo hospitali ambazo mashine zilibaki ndani ya maboksi kwa kukosa umeme wa kutosha, maji au mtaalamu wa kuziendesha, na kaunti yake ikaendelea kuhesabiwa deni sawa na kaunti iliyozitumia. Ongezeko hilo lilikuwa wazi kwa yeyote aliyelinganisha majedwali ya miaka miwili mfululizo. Uchunguzi wa kamati maalumu ya Seneti ulikamilika mwaka 2020, mikataba ikielekea ukingoni.

Tangu Mahakama Kuu iamue mwaka 2020 kwamba ruzuku hizo zisichanganywe ndani ya sheria ya ugavi wa mapato, huwekwa katika sheria ya peke yake ya mgao wa nyongeza. Utengano huo umeongeza uwazi, lakini pia umeongeza mahali pa kukwama. Katika mwaka wa 2024/25 mswada wa mgao wa nyongeza ulikaa kwa miezi kwa sababu ya shilingi bilioni 10.5 za Ushuru wa Matengenezo ya Barabara, ambazo magavana walizidai kwa hoja kwamba barabara za kaunti ni jukumu lao na wabunge wakazikataa, na miradi ya maji, kilimo na afya iliyofadhiliwa na wahisani, isiyohusiana na barabara hata chembe, ikasubiri pamoja nazo.

Linabaki suala la tarehe, na hapa kasoro imo ndani ya muundo wenyewe. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, Hazina ya Kitaifa huwasilisha Taarifa ya Sera ya Bajeti, yaani waraka unaopendekeza viwango vya matumizi ya mwaka ujao, ifikapo tarehe 15 Februari. Kaunti nayo hutakiwa kuwasilisha waraka wake wa mkakati wa fedha ifikapo tarehe 28 ya mwezi huohuo, siku 13 baadaye, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili. Katiba kwa upande wake inataka miswada ya ugavi iletwe Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, ambayo ni tarehe hiyohiyo ya mwisho wa Aprili. Kwa maneno mengine, Katiba inairuhusu Nairobi kuanza kujadili mgao siku ambayo kaunti inapaswa kuwa imemaliza kupanga jinsi ya kuutumia. Mwaka 2019 mabunge mawili yalipovutana, Seneti ikitaka bilioni 335, mswada wa kwanza ulianguka na mwafaka ukafikiwa Septemba, mwaka mpya wa fedha ukiwa mwezi wake wa tatu. Mahakama ya Juu, katika maoni yake ya Mei 2020, ilisema kwamba Bunge la Kitaifa haliwezi kupitisha sheria ya kuidhinisha matumizi ya serikali ya kitaifa kabla ya sheria ya ugavi wa mapato kupatikana, jambo ambalo angalau linazifanya pande zote mbili zione gharama ya kuchelewa.

Sheria ikishapatikana, fedha bado hazijafika. Ibara ya 219 inataka mgao upelekwe kaunti bila kucheleweshwa pasipo sababu, na ratiba inayoidhinishwa na Seneti huonyesha kiasi cha kila mwezi, lakini Hazina ya Kitaifa hutoa kwa kadiri ya ukwasi wake, na ni kawaida kaunti kudai malimbikizo ya mwezi mmoja, miwili au zaidi. Hata zikifika katika akaunti ya kaunti iliyoko Benki Kuu, haziwezi kutolewa bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, anayehakikisha kwamba matumizi yanalingana na bajeti iliyopitishwa. Mishahara ndiyo hulipwa kwanza. Mkandarasi aliyejenga zahanati na mfanyabiashara aliyepeleka unga wa chekechea hungoja, deni lao likahamia mwaka mwingine, na kaunti ikaandikwa katika ripoti kuwa haikutimiza sharti la asilimia 30 ya maendeleo. Kosa la usimamizi mbaya wa kaunti lipo, na ripoti za ukaguzi zina mifano mingi ya kuaibisha. Lakini ripoti isiyotenganisha deni lililotokana na ubadhirifu na lile lililotokana na fedha kuchelewa humfanya msomaji awahukumu wote kwa kipimo kimoja.

Nani basi afanye kazi ya kufuatilia? Kikatiba jibu la kwanza ni seneta, lakini maseneta wengi wamejijengea jina kwa kuwahoji magavana kuhusu matumizi yaliyopita kuliko kwa kusoma miswada ijayo, na uhasama unaozuka baina ya seneta na gavana wa kaunti moja, ambao mara nyingi ni wapinzani wa uchaguzi unaofuata, huifanya kaunti ikose sauti pale inapoihitaji. Baraza la Magavana lina uwezo wa kisheria na limekuwa likishinda kesi, ila huzungumza kwa niaba ya kaunti 47 ambazo maslahi yao hayafanani: tozo ya ardhi inayoisumbua Nairobi haiisumbui Turkana, na mgawo wa mrabaha wa madini, ambao Sheria ya Madini ya 2016 inautengea kaunti asilimia 20 na jamii asilimia 10, ni suala la Kwale kuliko la Nyeri. Mabunge ya kaunti yana kamati za bajeti, lakini wawakilishi wadi hupata taarifa za Bunge la Kitaifa kupitia vyombo vya habari kama raia mwingine yeyote, na ni nadra bunge la kaunti kuwasilisha maoni ya maandishi kuhusu mswada wa kitaifa, ingawa ibara ya 118 inaufungulia umma wote mlango huo.

Ofisi ya kaunti ambayo ingeweza kuibeba kazi hii kwa gharama ndogo ni ya mwanasheria wa kaunti, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2020, ikishirikiana na idara ya mipango ya uchumi: maafisa wawili au watatu wanaosoma kila mswada unaochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, wanaouliza kila kifungu kitaigharimu kaunti shilingi ngapi kwa mwaka, na wanaompelekea seneta na kamati husika jibu kabla ya usomaji wa pili, wakati ambapo neno bado linaweza kubadilishwa. Katika kaunti nyingi ofisi hiyo leo hutumia siku zake mahakamani, ikitetea kaunti dhidi ya wakandarasi ambao hawajalipwa.